Nani Amekula Nusu ya Mionzi?

Hapo zamani, wala si za kale, za juzi tu, palikuwa na nchi moja ambayo sitaitaja jina. Si kwa woga. Jina lake lilipelekwa kwenye kamati ili liboreshwe, na kamati bado inakaa. Mimi ni raia mwema wa nchi hiyo. Kazi yangu ni kupeleka kipaza sauti kwa mheshimiwa anayenyoosha mkono kikaoni, na kukirudisha akimaliza, kama atamaliza. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia niliyasikia kwa sauti kubwa, na nayasimulia kwa nia njema kabisa. Msomaji akihisi kwamba anaijua nchi yenyewe, shauri yake.

Nchi hiyo ilipewa mashine ya kutibu saratani kwa mionzi. Ilikuwa kubwa kuliko ng'ombe, na tumboni ilikuwa na kipande cha kobalti kinachoweza kutoshea kwenye kiganja, ingawa atakayekitia kiganjani hatakuwa na muda wa kusimulia. Wageni walioileta waliisimika katika hospitali kuu, ndani ya chumba chenye kuta nene za zege, wakaijaribu, ikafanya kazi, wakatupa mkono wa kwaheri na kurudi kwao. Mlangoni ukafungwa utepe mwekundu.

Lazima nieleze habari ya utepe. Katika nchi hiyo kitu ambacho hakijakatiwa utepe hakipo. Kuna daraja ambalo halijazinduliwa mpaka leo, na wananchi watiifu huvuka mto kwa kuogelea chini yake. Watoto wanaozaliwa katika wodi isiyozinduliwa huhesabiwa kuwa bado wanatarajiwa.

Siku ya kuipokea mashine, Mkuu Wetu alipanda jukwaani akahutubia mpaka jua likahama. "Mashine hii," alinguruma, "haitaguswa na mikono ya kuazima! Itawashwa na mtaalamu aliyesomeshwa hapa hapa, kwa mtaala wa hapa hapa, uliotungwa hapa hapa! Siku hiyo ndipo nitakapokuja kuukata utepe huu!" Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Wagonjwa wa saratani nao walipiga makofi, ila hamkuwaona kwenye televisheni kwa sababu walikuwa wamewekwa nyuma ya jukwaa. Afisa itifaki alisema wanaonekana wagonjwa.

Mtu aliyeijua mashine ile alikuwa mmoja tu nchi nzima, Dakta Riziki Mwandara. Alikuwa amesoma ng'ambo fizikia tiba, elimu ya kupima mionzi ili iue uvimbe bila kumuua mwenye uvimbe. Alirudi nyumbani kwa hiari yake, jambo lililowatia wasiwasi watu wa usalama. Kwa kuwa alisomea nje, mikono yake ikahesabiwa kuwa ya kuazima. Aliruhusiwa kuipima mashine mara kwa mara isije ikaharibika, kwa kuingilia mlango mdogo wa nyuma usio na utepe. Aliruhusiwa pia kutunga mtaala wa kuwasomesha wengine. Kumtibu mtu, marufuku.

Basi akatunga shahada ya uzamili kwa wiki chache. Fizikia ya mionzi, muundo wa mwili, upimaji wa dozi, usalama, na mwaka mzima wa mazoezi mbele ya mashine na mgonjwa halisi. Akaupeleka mtaala wizarani ukiwa umekamilika, maskini, hakuijua nchi yake vizuri. Kwetu kazi iliyokwisha ni tusi kwa wale wanaotakiwa kuifanya. Wizara ilikasirika, ikaunda kamati.

*

Kamati iliongozwa na Profesa Kagembe, bingwa wa Itifaki, mtu pekee barani aliyeandika kitabu kuhusu nani atangulie kushuka kwenye lifti. Fizikia hakuijua. Alisema hilo ndilo lililompa uhuru wa kuijadili. Chini yake walikaa wadau. Zimamoto walikuwepo kwa sababu mionzi inaunguza. Wizara ya Uvuvi ilikuwepo kwa sababu ilikuwepo katika kila kamati. Chama cha Wapambaji wa Kumbi kilikuja kwa ajili ya mahafali, na hao ndio waliofanya kazi kwa bidii kuliko wote.

Kila mdau alitaka awe na somo lake ndani ya shahada. Zimamoto wakapata somo la kushuka ngazi. Uvuvi wakapata somo la Mionzi na Samaki, sehemu ya kwanza na ya pili. Wizara ya Utamaduni ikaomba kila mwanafunzi aweze kuimba utenzi wa dozi. Kila somo jipya lilipoingia, jingine la Dakta Riziki lilitoka, kwa sababu Profesa alisema mtaala usiwe mzito ukawaumiza vijana migongo.

"Lakini hili la kupima dozi tukiliondoa," alisema Dakta Riziki siku moja, "mhitimu atamuua mgonjwa."

"Dakta, usitutishe," alijibu Profesa kwa upole. "Atakuwa na cheti."

Rangi ya joho la wahitimu ilijadiliwa mwaka mzima. Walisafiri nchi tatu kuangalia majoho ya wengine. Mwishowe walichagua rangi ya samli, na siku ile ukumbi ulishangilia utadhani saratani yenyewe imejiuzulu.

Miaka mitano ilipita hivyo. Sikuona kikao hata kimoja kikivunjika kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu saa nne ndipo sambusa zilipokuja.

Sambusa zile zilikaangwa na Bi Mosi Kilindo, mjane aliyekuwa na jiko lake nyuma ya ukumbi. Manda yake ilikuwa nyembamba, nyama imekaushwa vizuri, bizari ya kukaangwa kwa mkono wake, na ndimu pembeni. Mimi nilikula masalia, kwa hiyo nashuhudia. Profesa Kagembe aliwahi kuahirisha kura ili sambusa zisipoe. Lakini kwa miaka yote hiyo sikumwona akiinua macho kutoka kwenye sahani. Bi Mosi kwake alikuwa mkono unaotua mezani na kuondoka. "Ahsante mama," aliuambia mkono, naye tayari anatafuna.

*

Mwaka wa tano Bi Mosi alianza kutoka damu. Madaktari wa hospitali kuu wakamwambia ni saratani ya shingo ya kizazi, imewahiwa mapema, na kwa mionzi inapona kabisa. Akauliza mionzi iko wapi. Wakamwonyesha mlango wenye utepe.

Binti yake, Mwajabu, alitaka mama aache jiko apumzike. Bi Mosi alikataa. "Hawa watu nimewalisha miaka mitano, mwanangu," alisema huku akikunja manda. "Hawawezi kunisahau. Nikikaa nyumbani ndiyo nitasahaulika."

Dakta Riziki aliposikia, alikuja kikaoni asubuhi na mapema, akanyoosha mkono kabla hata ya sala ya kufungua. Nikampelekea kipaza sauti.

"Waheshimiwa, naomba kibali cha kumtibu mgonjwa mmoja tu," alisema. "Daktari wake yuko tayari. Mashine iko tayari. Mimi niko tayari. Mgonjwa mwenyewe ni Bi Mosi, huyu anayewapikia."

Palikuwa na mnong'ono wa huruma ya kweli. Mjumbe wa Uvuvi alitikisa kichwa akauliza sasa sambusa itakuwaje. Profesa Kagembe akavua miwani, akaipangusa, akairudisha.

"Jambo hili linagusa moyo," alisema. "Ndiyo maana haliwezi kuamuliwa na moyo. Je, mgonjwa huyu amewahi kusajiliwa kama mdau?"

Hakuwa amesajiliwa. Ikaonekana kwamba wagonjwa ndio pekee waliosahaulika kualikwa miaka yote hiyo, na kamati ikajipongeza kwa kuligundua pengo. Bi Mosi akaitwa pale pale, aproni kiunoni, harufu ya mafuta mwilini, aombwe kukaa kwenye kiti cha Mwakilishi wa Wagonjwa. Lakini mwanasheria wa kamati akasimama. Alisema mama anaihudumia kamati kwa chakula, kwa hiyo akiwa pia mjumbe kutakuwa na mgongano wa maslahi. Achague moja, sambusa au ugonjwa.

Nikamsogezea Bi Mosi kipaza sauti. Alikitazama kwanza.

"Baba zangu na mama zangu, shikamooni," alisema. "Mimi huo udau siuwezi. Sitaki kiti. Mimi nataka kupona."

Profesa akanipa ishara ya kidole nikizime. Nikakizima. Katika kumbukumbu ikaandikwa kwamba mdau ametoa maoni.

*

Dakta Riziki alikosa usingizi, nadhani, maana wiki iliyofuata alikuja macho mekundu. Alikuwa ametafuta njia ya kuwatia haraka watu ambao haraka hawaijui, akaamua kuwaambia ukweli wa kisayansi. Hilo ndilo kosa lake la pili, na lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, lile la kuukamilisha mtaala.

"Waheshimiwa, kobalti iliyomo kwenye mashine haisubiri vikao," alisema. "Tangu iingie mle chumbani imekuwa ikipungua. Nimeipima jana. Nguvu iliyobaki ni kama nusu."

Hata waliokuwa wamesinzia walifumbua macho, kwa sababu neno nusu katika nchi hiyo humwamsha mtu.

"Nusu?" aliuliza Profesa.

"Nusu, Mwenyekiti."

"Na nusu nyingine iko wapi?"

"Haipo."

"Haipo wapi?"

"Haipo popote. Imekwisha yenyewe. Ndiyo tabia ya kobalti, kila baada ya miaka mitano na ushee nusu inaondoka. Iliyobaki bado inatosha kumtibu Bi Mosi, ila itabidi alale kwenye mashine muda mrefu zaidi. Tukichelewa tena itazidi kupungua. Na ugonjwa wake nao hautusubiri."

Profesa Kagembe alicheka. Si kicheko kibaya, kilikuwa kile cha baba kwa mtoto anayesema sukari imeliwa na paka.

"Dakta, mimi niko serikalini tangu wewe unanyonya. Nimeona saruji ikipungua nusu. Nimeona dawa, nimeona mahindi ya njaa, nimeona barabara nzima ya lami ikipungua nusu. Sijawahi, nasema sijawahi, kuona kitu kinaondoka chenyewe."

Ukumbi mzima uliguna kukubali. Nami niliyekuwa nimesimama katikati na kipaza sauti niliona nyuso zao, na kilichonichefua hakikuwa hasira. Hasira haikuwepo. Walikuwa wameumia. Kila mmoja alimtazama mwenzake kwa jicho la mtu aliyegundua kwamba kulikuwa na sherehe jirani na hakualikwa. Mjumbe wa Zimamoto alimwinamia wa Uvuvi. Kipaza sauti kilikuwa karibu, basi nchi nzima ingeweza kusikia alivyonong'ona: "Wamekula bila sisi."

Profesa akagonga meza. "Swali lililo mbele yetu sasa si mtaala. Swali ni moja. Nani amekula nusu ya mionzi?"

*

Uchunguzi ulikabidhiwa kwa Kamishna Sangoda, askari hodari aliyewahi kukamata mafuriko. Alianza na yule aliyetoa taarifa, kwa sababu kwetu anayesema kitu hakipo ndiye wa mwisho kukiona.

"Uliitoaje?" alimuuliza Dakta Riziki. Nilikuwepo, maana mahojiano yalifanywa hadharani kwa ajili ya uwazi. "Kwa mfuko au kwa ndoo?"

"Afande, mionzi haibebwi kwa ndoo."

"Kwa hiyo unajua inavyobebwa."

Wakapekua nyumba yake. Walichukua tochi, jiko la umeme na taa ya mezani iliyowaka kuliko kiasi. Mlinzi wa hospitali naye aliwekwa ndani, akaulizwa kwa nini hakuona mionzi ikipita getini. Alijitetea kwamba mionzi haionekani. Kamishna akamwambia asijifanye mjuzi, aliyesomea hayo ni Dakta.

Siku ya tatu akajitokeza bwana mmoja wa bohari, analia, ameleta mifuko ya saruji kwenye toroli. Alisema dhamiri imemshinda, anarudisha alichochukua wakati wa kujenga zile kuta nene. Kamishna alimtazama kwa huruma, akamwambia hilo ni shauri jingine, arudi nayo nyumbani asichanganye faili.

Chumba cha mashine kikatangazwa eneo la uhalifu. Utepe wa polisi ukafungwa juu ya utepe mwekundu, na mlango mdogo wa nyuma ukapigwa misumari. Askari wawili wakawekwa kuilinda nusu iliyobaki isiibiwe. Nayo, bila kujali askari, iliendelea kupungua mbele yao.

Daktari wa Bi Mosi alikwenda kwa Kamishna kuomba chumba kifunguliwe angalau saa moja kwa siku. Akaambiwa kwamba mgonjwa akitibiwa atatumia mionzi, na mionzi ni kielelezo cha kesi. Kuharibu kielelezo ni jinai. Daktari akarudi wodini akaagiza vidonge vya maumivu.

Sasa niseme wazi ninavyojisikia, halafu nirudi kwenye nia yangu njema. Nilipokuwa nikipeleka kipaza sauti kutoka mdomo hadi mdomo, wiki baada ya wiki, wakijadili wizi wa kitu ambacho hakikuibwa, nilitamani kutapika ndani yake. Kila mdomo ulikuwa na mafuta ya sambusa. Mafuta ya yule mama.

*

Dakta Riziki aliachiwa baada ya kuonekana kwamba hana dalili za utajiri. Alipotoka tu alikwenda jikoni kwa Bi Mosi, nami nilikuwa pale nikisubiri masalia yangu. Bi Mosi alikuwa anakaanga amekaa kwenye kigoda, hawezi tena kusimama. Alikuwa amejifunga khanga mbili kwa ajili ya damu. Mwajabu alikuwa anapuliza moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamekuachia?"

"Wameniachia."

"Na chumba?"

"Chumba bado wamekishikilia."

Bi Mosi aliipua sambusa moja moja, akazipanga kwenye sahani, akaweka ndimu. "Mimi ndiye niliyewalisha miaka yote hii," alisema taratibu. "Nimewapa nguvu wenyewe. Nguvu za kunikatalia."

"Mama, nisamehe. Mimi ndiye niliyewaambia habari ya nusu."

"Uliwaambia ukweli. Usiombe radhi kwa hilo, utanitia hasira na mimi hasira sina nafasi nayo." Akamsukumia sahani. "Kula moja. Umekonda huko ulikokuwa. Nyingine wapelekee, saa nne imefika."

Mwajabu aliinuka kutoka kwenye moto. "Mimi siwapelekei tena!"

"Peleka," alisema mama yake. "Pengine leo mmoja atauliza hali yangu."

Sahani ilipelekwa. Nilikuwepo ukumbini. Walisema chumvi imezidi kidogo.

*

Mkuu Wetu ndiye aliyeikwamua nchi. Alikuwa ameahidi kukata utepe, na uchaguzi ulikuwa unakuja. Kamati ikapewa mwezi mmoja kukamilisha kila kitu, na, jamani, ilikamilisha. Niliona wazee walioshindwa kukubaliana rangi kwa mwaka mzima wakipitisha shahada nzima kabla ya chakula cha mchana.

Wizi wa mionzi ulimalizwa kwa busara. Profesa aligundua kwamba chanzo cha wizi kilikuwa somo lenyewe, lile la kupungua kwa kobalti, ambalo lingewafundisha vijana kwamba kitu cha umma kinaweza kutoweka bila mwizi. Somo likafutwa kwenye mtaala. Na kwa kuwa lilifutwa, kobalti ilihesabiwa kuwa haijapungua, na kesi ikakosa kielelezo. Kamishna Sangoda akapandishwa cheo.

Mazoezi ya mwaka mzima nayo yakaondolewa, maana chumba kilikuwa bado kimepigwa misumari, yakawekwa mazoezi ya kuvaa joho. Kikabaki kikwazo kimoja. Shahada ilihitaji wahitimu, na mwanafunzi hata mmoja hakuwepo.

"Ndugu wajumbe," alisema Profesa Kagembe kwa sauti iliyotetemeka kwa unyenyekevu, "hebu tujiulize. Katika nchi hii, ni nani amekaa na mtaala huu kwa muda mrefu kuliko sisi?"

Walijiuliza. Jibu likapatikana bila kupingwa. Wote wakatunukiwa shahada ya uzamili ya fizikia tiba, Mwenyekiti kwa daraja la juu kabisa, na mjumbe wa Uvuvi akapata zawadi ya mwanafunzi bora wa kike ingawa ni mwanamume, kwa sababu zawadi ilikuwa imeshanunuliwa. Wapambaji walipamba. Majoho ya rangi ya samli yalipendeza sana.

Kwa mgonjwa wa kwanza, wizara haikuhangaika. Mabango yalichapwa siku ile ile: BI MOSI KILINDO, MAMA LISHE, WA KWANZA KUTIBIWA NA WATAALAMU WA HAPA HAPA. Uzinduzi ulipangwa Jumamosi.

Dakta Riziki alikimbia na habari hiyo mpaka nyumbani kwa Bi Mosi. Alimkuta hawezi tena kumeza maji. Ugonjwa uliokuwa mahali pamoja ulikuwa umeshakwenda kila mahali.

Alikufa Jumanne, mchana. Tulimzika alasiri ya siku ile ile. Tulikuwa wachache, na kamati haikuwepo, ilikuwa kwenye mazoezi ya kuvaa joho.

*

Mwajabu alipeleka habari wizarani mwenyewe. Afisa itifaki alimpa pole kwa mikono miwili. Kisha akamweleza kwa upole kwamba mabango yameshatundikwa mji mzima na hayawezi kufutwa. Akaiomba familia ilie kwa sauti ya chini mpaka Jumapili.

Jumamosi nilikuwa kwenye chumba cha mashine na kipaza sauti changu. Utepe wa polisi ulikuwa umetolewa, umebaki mwekundu. Kwenye kitanda alilala mama mmoja mnene, mzima wa afya, anaitwa Tausi, anayeimba sauti ya pili kwenye kwaya ya wizara. Alikuwa amefungwa khanga na kuelezwa aonekane ana matumaini. Dakta Riziki, ambaye alipewa kazi ya kufungua milango, alipita karibu nami akanong'ona bila kunitazama: "Mlango wa kobalti nimeufunga kwa ufunguo. Sitamchoma mtu mzima kwa ajili ya picha." Uso wake ulikuwa umepauka kama majivu.

Mkuu Wetu akakata utepe. Profesa Kagembe, katika joho la rangi ya samli, akabonyeza kitufe cha kijani. Taa zikawaka, feni ikavuma, na ndani ya mashine hakikutoka kitu chochote kumgusa mtu yeyote. Wataalamu wote wa hapa hapa walikuwa wamekusanyika mbele ya vipimo, na mshale wa kipimo ulikuwa umelala kwenye sifuri. Walipiga makofi. Wimbo wa taifa ulipigwa mpaka mwisho, Bi Tausi akainuka akapunga mkono.

"Amepona!" alitangaza Profesa. Nilikuwa nimekishika kipaza sauti mdomoni mwake, kwa hiyo ilisikika mpaka sokoni. "Bi Mosi wetu amepona! Na sasa, kwa furaha hii, naomba aende jikoni. Tumemkosa!"

Bi Tausi alitazama huku na huku. Afisa itifaki alimsukuma kidogo mgongoni. Akaenda, masikini wa Mungu, kwenye jiko la marehemu, akawasha moto aliokuwa hajawahi kuuwasha, na sisi tukahamia ukumbini, hotuba zikaendelea huku zikimsubiri. Mwajabu alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko, khanga nyeusi kichwani. Alimwona mgeni akitafuta chumvi, akanyanyuka, akamwonyesha ilipo, akaenda zake.

Sambusa zilikuja zimepasuka, nyama mbichi katikati, mafuta yanatiririka. Profesa Kagembe alichukua ya kwanza kama ilivyo desturi ya itifaki. Akatafuna. Akakunja uso.

Dakta Riziki alikuwa amesimama mbele ya meza ya Profesa. Hakuwa na sahani.

"Profesa," alisema, "Bi Mosi tulimzika Jumanne."

"Yupi?"

"Aliyekupikia miaka mitano."

"Si huyu hapa?" Profesa alimwelekezea kidole Bi Tausi, aliyekuwa ameshika sinia huku jasho likimtoka.

"Mtazame usoni," alisema Dakta Riziki.

Profesa Kagembe alimtazama usoni. Alimtazama kwa makini na kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu anachojua kipo. Kisha akairudia sambusa yake iliyoumwa, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Kweli saratani ni ugonjwa mbaya," alisema. "Umemharibia mpaka mkono."

Akachukua nyingine.